Kishonanguo Kwenye Sweta ya Ochoki

Hapana, hakuwa mgonjwa wa kulala. Mngemwona siku hiyo mngesema ni mtoto mzima kabisa. Kwamboka alikuwa na mafua tu, na kikohozi ambacho alikuwa anakimeza kila kinapopanda. Mbona akimeze? Basi tulieni niwaeleze, hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Ilikuwa Sabato, na kwao, juu kidogo ya soko la Kebirigo, kulikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa wa Persis, mke wa baba yake mdogo. Boma lile lina utaratibu wake: mtoto mgeni hupakatwa kwanza na mdogo kuliko wote, halafu anapanda hivyo hivyo, mkono kwa mkono, mpaka amfikie nyanya yao, ambaye wote wanamwita Magokoro. Kabla Magokoro hajampakata, hakuna sufuria inayofunuliwa.

Sasa mdogo kuliko wote alikuwa Kwamboka, wa miaka kumi na mmoja. Huyo mtoto hajawahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote. Hata sweta zake zote zilianza kwa kaka yake Ochoki. Kwa hiyo jana yake makamasi yalipoanza, hakumwambia mtu. Kabatini kulikuwa na zile tembe za rangi mbili, zilizobaki baba yake alipokuwa na kidonda mguuni. Akameza mbili kwa maji, akajiambia mafua yamekwisha.

Basi watu wakatoka kanisani, wakajaa sebuleni. Chakula kilikuwa kimepikwa Ijumaa, kikapashwa moto, kikafunikwa kwa majani ya mgomba: kuku, ndizi, na mboga ya chinsaga. Harufu yake ilimfanya Ochoki aitazame meza kama paka. Lakini Persis alikuwa bado chumbani ananyonyesha. Magokoro akasema wasikae bure, Kwamboka awaonyeshe kile kitu alichosifiwa na Mwalimu Beverlyne shuleni.

Kwamboka akakileta mbio. Kilikuwa mpira wa magome makavu ya mgomba, umefungwa kwa mfuko wa nailoni uliopakwa mafuta ya kupikia. Pande zote alikuwa amechomeka kishonanguo, zile mbegu nyeusi zinazoganda kwenye nguo ukipita shambani.

"Huo ni mpira ama ni nungunungu?" Ochoki akauliza.

"Ni kirusi," Kwamboka akamjibu. "Cha kweli ni kidogo mno, huwezi kukiona kwa macho. Hakili, hakipumui, hakina mikono. Ni ngozi, na ndani kuna hii."

Akapasua mpira kidogo, akavuta uzi mwekundu wenye mafundo mafundo. Akasema hayo ni maagizo ya kutengeneza kirusi kingine kama hicho.

Magokoro akamwinamia mjukuu wake. "Mama, kama hakina mikono, kinatengeneza na nini?"

Kwamboka alilingojea swali hilo. Mlangoni ilining'inia ile aproni ya nailoni ya kuchumia chai. Akaurusha mpira pale, ukateleza ukaanguka. Akaurusha kifuani kwa Ochoki, ukaganda kwenye sweta, na Ochoki akaanza kuruka kama aliyeingiwa na siafu. Watu wakacheka mpaka machozi.

Akawaeleza kwamba miiba ya kirusi hushika pale tu inapopata cha kushika. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo vidogo visivyohesabika, na nje ya seli za pua na koo kuna vishikio. Kirusi kikipata kishikio kinachokifaa, kinaingia.

"Sasa fikirieni kiwanda cha chai," akasema. "Mgeni anaingia na maagizo yake, anawaambia wafanyakazi waache chai, watengeneze wengine kama yeye. Nao wanatii. Wanatengeneza wageni tu, mpaka kiwanda kinaharibika. Halafu wale wageni wapya wanatoka, kila mmoja anatafuta kiwanda chake."

"Na wanahamaje kutoka kwa mtu mmoja mpaka kwa mwingine?" Magokoro akauliza.

"Kwa mate, kwa makamasi, kwa kiko..."

Persis alikuwa ametoka chumbani, amesimama mbele yake, anamnyooshea mtoto. Kamtoto kalikuwa kamefungua macho, pua yenyewe kama punje ya mahindi. Na kile kikohozi kikapanda, naye akakimeza, kikakataa. Akageuka, akakohoa kwenye kiwiko. Kisha akaficha mikono mgongoni.

"Mama mdogo, nisimshike," akasema. "Niko na mafua tangu jana. Niliyaficha ili niwe wa kwanza."

Akasema na habari ya tembe. Mama yake akashika kichwa, akamwambia zile ni za bakteria, za kidonda cha baba yake. Kirusi cha mafua hazikigusi kabisa, kwa sababu si bakteria, kinatumia seli za Kwamboka mwenyewe.

Magokoro hakumgombeza. Alimwita asimame pale mlangoni, penye upepo.

"Ungenyamaza, huyu mtoto angeweza kuambukizwa mafua leo, na mwili wake bado haujajua kupigana. Ukiwa mgonjwa, sema, hata kama kusema kunakunyima kitu. Na dawa ya mtu mwingine usiiguse tena." Halafu akatabasamu. "Zamu yako nakuwekea. Ukipona tutaanza upya na wewe, na tutapika tena."

Ochoki akasema basi dada yake apone haraka. Akaambiwa anyamaze akanawe. Wote wakapanga mstari kwenye mtungi, wakanawa kwa sabuni, na Kwamboka akawaeleza kwa mbali kwamba ngozi ya kirusi cha mafua ina mafuta, sabuni inaimaliza kama inavyomaliza mafuta ya sufuria. Mtoto akapita mkono kwa mkono, akamfikia Magokoro, akampigia chafya, na nyumba nzima ikashangilia.

Kwamboka alikuwa ameketi peke yake ukingoni mwa baraza, na sahani tupu magotini. Magokoro akamtazama. Akasema meza itolewe nje, jua lenyewe liko nje. Wanaume wakaibeba, akina mama wakabeba viti, Persis na mtoto wakawekwa upande wa juu, Kwamboka upande wa chini, wanaonana vizuri. Majani ya mgomba yakafunuliwa, mvuke ukapanda, na Ochoki, bado ana kishonanguo mbili kifuani, akawa wa kwanza kuketi.