Breki ya Upande wa Pili

"Nani kakupa leseni wewe?"

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa makelele, katikati ya mzunguko wenye magari mengi kuliko yote mjini, watu wanatoka makazini na honi zimepamba moto. Mpishi wa keki alikuwa ameshuka kwenye gari lake dogo la mizigo, aproni imeganda sukari ya kupambia, kilemba kimekaa upande. Nyuma ya gari kulikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu inayosubiriwa ukumbini. Mbele yake, gari lenye kibao cha mafunzo limezima na kugoma kuwaka.

Mlango wa abiria ukafunguka, akatoka mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika.

"Nisamehe, dada. Mwalimu ni mimi. Mwanafunzi wangu leo ndiyo kwanza anaona magari mengine."

"Mpeleke akayaonee kwingine! Keki hii ikipata ufa, utamwoa wewe yule bibi harusi?"

Mwanamume akachungulia nyuma ya gari. "Mbona haijatikisika hata kidogo? Umeendesha mwenyewe?"

"Kwani imekuja kwa miguu?"

Akacheka. Na yeye, pamoja na hasira zake zote, akajikuta anacheka. Kabla foleni haijafunguka walikuwa wameshapeana namba za simu.

Baada ya muda yeye akawa "Keki", mwanamume akawa "Mwalimu". Mwalimu akamwomba amuoe, lakini Keki hakujibu papo hapo.

"Tusafiri kwanza," alisema. "Tufuate pwani, tupande vilima, tulale kwenye mahema. Nikikuvumilia njiani, nitakujibu."

Shangazi yake, aliyemlea, aliridhia kwa sharti moja: mahema yawe mawili na zipu zifungwe.

Gari la keki lilibaki dukani na mdogo wake Keki. Wakachukua la Mwalimu, lile la kufundishia, lenye pedeli ya pili ya breki mbele ya kiti cha abiria. Keki alivaa suruali ya kijani na viatu vyekundu vya kupandia milima. Mwalimu alikuja na shati la pasi, eti anakwenda kulala kwenye hema!

"Leo naendesha mimi, mpenzi. Wewe lala."

"Nilale kwenye gari? Siwezi, Keki wangu. Hata kwenye basi nakaa macho, nakanyaga sakafu njia nzima. Kazi hii imeniharibu."

"Basi tazama bahari. Ila huo mguu uwe mbali na breki. Umeniahidi?"

"Haki ya Mungu."

Jamani, ahadi ya saa moja! Mji ulikuwa bado unaonekana kwenye kioo, mguu ukashuka. Gari likanesa.

"Mwalimu!"

"Kulikuwa na baiskeli."

"Iko ng'ambo ya barabara, tena imeegeshwa!"

Wakaendelea. Mbuzi akitokea mbali, breki. Kivuli cha mti, breki. Keki alikuwa anasonya tu na kumeza hasira. Barabara ikapanda juu ya miamba, bahari chini inang'aa buluu, harufu ya chumvi imejaa madirishani, na yeye hakupata hata nafasi ya kuifurahia.

Ndipo ilipokuja ile kona. Lori linashuka upande wao, Keki ameshaliona, ameshapunguza mwendo, ameshajibanza pembeni vizuri. Mwalimu akakanyaga kwa nguvu zake zote. Injini ikazima, gari likaserereka na kusimama nusu likiwa katikati ya barabara. Lori likapiga honi hadi masikio yakaziba, likawakwepa kwa bahati tu.

Keki aliwasha gari, akalitoa barabarani, akazima. Akashuka, akavuta hema lake, akalibeba mgongoni.

"Unakwenda wapi, mpenzi?"

"Kwa miguu! Miguu yangu haina breki ya mtu! Mimi nabeba keki za watu mji mzima, barabara za mashimo, hakuna hata ua moja la sukari limewahi kudondoka. Na uliziona kwa macho yako! Leo mtu ananifanya kama sijui kulia wala kushoto, na karibu atuue!"

"Samahani. Ni mguu tu, ulijiendea wenyewe."

"Basi kaoe mguu wako!"

Akashika njia nyembamba ya kando ya miamba, kuelekea ufuo wa mahema uliokuwa ukionekana kule chini. Simu ikaita. Mwalimu. Akageuka, akamwona kasimama palepale juu, simu sikioni. Akaikata. Akampigia shangazi, akamweleza yote.

"Ameomba msamaha?" shangazi akauliza.

"Ameomba. Anasema ni mguu."

"Ahaa. Kwa hiyo yeye hana kosa, mwenye kosa mguu?"

"Shangazi, mimi nampenda. Ndicho kinachoniudhi! Lakini nitaishije na mtu anayenikanyagia breki kila ninachofanya? Leo gari, kesho duka langu, kesho kutwa watoto."

"Basi usimkubali kwa sababu tu unampenda. Subiri umwone atafanya nini."

Keki alisimamisha hema peke yake, akivuta kamba kwa ghadhabu. Jua lilikuwa bado juu Mwalimu alipotokea, anatembea, shati jeupe limekuwa jeusi kwa grisi, kifundo cha kidole kimechubuka. Mkononi alishika kipande cha chuma. Akakiweka mchangani mbele yake.

"Nini hiki?"

"Breki yangu. Nimeifungua."

"Na Jumatatu utafundisha na nini?"

"Wanafunzi nitawarudishia. Ukiwa unaendesha wewe, itakaa kwenye buti la gari. Si mguu, Keki. Ni mimi. Niliogopa, nikakudharau, nikatuweka hatarini. Nisamehe."

Keki alikitazama kile chuma, kisha akamtazama yeye.

"Chuma umekitoa. Woga je?"

Mwalimu akakiokota kile chuma, akakifuta mchanga kwa shati lake.

Asubuhi walipanda pamoja hadi kwenye gari, Keki akashika usukani. Kona ya kwanza, dum! Mguu umekanyaga zulia. Keki akamkata jicho. Kona ya pili, dum, kidogo. Barabara ikazidi kujipinda juu ya maji, malori yakapita.

Kisha Keki akagundua kuwa hasikii tena ile dum. Akatupa jicho upande wa pili. Mwalimu ameegemeza kichwa dirishani, mdomo wazi, miguu imenyooka, anakoroma.

"Mungu wangu," Keki akanong'ona. Macho yakamlowa ghafla, akayafuta haraka ili aone njia.

"Nimekubali kuolewa na wewe," akamwambia, kwa sauti ya chini asije akamwamsha. Kisha akaingia kona iliyofuata taratibu, kama aliyebeba keki ya ghorofa tatu.