Msuko Katika Kaburi la Kamanda Ma

Asubuhi ya kuzinduliwa kwa jiwe la kumbukumbu la Kamanda Ma, jiwe lilikutwa vipande vipande na kaburi likiwa wazi. Mifupa haikuwamo.

Inspekta Fadhul Mafabi alichuchumaa ukingoni. Nyuma yake, Meja wa jeshi kutoka kambini alikuwa akihema kama fahali.

"Mhalifu tunaye," alisema Meja. "Muzamiru, mchuuzi wa samaki wa Masese. Alitangaza sokoni kwamba atalivunja. Jioni namchukua kambini."

"Yuko mahabusu kwangu, afande."

"Mpaka jioni."

Fadhul alijua maana yake. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini waliopelekwa kambini walikuwa bado hawarudi.

Mji wa Jinja haukuwa umepatana juu ya Kamanda Ma, Mchina Mwislamu aliyekuja kufundisha askari wa utawala ulioanguka. Wengine walisema ndiye aliyewafungia vijana ghalani ili wauawe. Wengine walisema siku jeshi lilipokimbia, ndiye aliyefungua ghala, naye akauawa kwa kosa hilo.

"Nilikuwa mle ghalani," alisema Meja. "Bila yeye nisingekuwa hai."

Fadhul alishuka shimoni. Mbao za kiunza, zilizofunika maiti, zilikuwa zimeegemezwa kando moja moja, kwa adabu. Mwenye hasira na jiwe hapangi mbao. Kisha akaona kitu kimenasa kwenye ncha ya ubao: msuko wa nywele, mrefu, uliosokotwa kwa ustadi.

Mama yake alipofariki Mbale, shangazi zake walitoka chumbani wakasema, "Tumemsuka misuko mitatu, tumeilaza nyuma." Hivyo ndivyo mwanamke Mwislamu anavyoandaliwa. Mwanamume hasukwi. Na Kamanda Ma alikuwa na kipara.

Aliutia msuko kwenye kifuko cha ushahidi, akarudi kituoni.

"Umevunja jiwe wewe?" alimuuliza Muzamiru.

"Ningelivunja, bwana, mngenikuta nimekalia vipande nakunywa chai. Askari wake walimuua baba yangu."

"Ulifukua kaburi?"

"Nimfanyie nini? Nimwuze na sangara?"

Fadhul hakucheka. Alimtafuta Sheikh Isabirye, msimamizi wa makaburi.

"Nani alimwosha Kamanda?"

"Ilikuwa vita, mwanangu."

"Jeneza lilitoka nyumba gani?"

Sheikh alishika ndevu zake. "Mtaa wa Walukuba. Kwa Hajarah."

"Yule mwosha maiti za wanawake?"

"Askari walilibeba wenyewe, bunduki mabegani. Nani angeuliza?"

"Hajarah yuko wapi?"

"Alirudi kwao Mbale."

Adhuhuri Fadhul alikuwa Mbale. Hajarah, mama mtu mzima, alikuwa uani akipasua malewa, vichipukizi vya mianzi vya kupika. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mabichi. Nyuma ya migomba palikuwa na tuta jipya la udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande. Umechelewa. Nilidhani mngekuja asubuhi."

"Nani amelala pale?"

"Mdogo wangu, Kulusumu. Alikuwa mpishi wa Kamanda."

Aliweka kisu chini.

"Siku ile jeshi linakimbia, alikuwa ametoka harusini, vidole bado vina hina. Akamwibia Mchina ufunguo, akafungua ghala. Wale vijana wakakimbia. Kamanda alimpiga risasi jikoni. Akamleta kwangu: 'Mwoshe vizuri. Atatoka kwa jina langu.' Watu wakalia barabarani kwamba Kamanda amekufa, kumbe mwenyewe anavuka mpaka kwa gari la pamba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema!" Sauti yake ilipasuka. "Nilipofika Jinja nikaona jiwe likichongwa, nilikwenda kwa Sheikh Isabirye. Akaniambia, 'Mama, mji umeshapata shujaa wake. Usituletee fitina.' Afande, walitaka kumwekea mdogo wangu jina la muuaji kifuani, wamsifu muuaji kwa kazi ya mikono yake!"

Fadhul aliona damu ikimpanda kichwani. Asubuhi ile ile Sheikh alimtazama machoni, akaficha.

"Nani alikusaidia kuchimba?"

"Waosha wenzangu. Wanaume mmesema wanawake hatuendi makaburini. Basi nani angetutafuta huko?"

"Kijana mmoja amekamatwa kwa ajili hiyo."

Hajarah alisimama hapo hapo, akajifunga kanga kiunoni. "Twende. Mimi ndiye niliyefukua, mimi ndiye niliyevunja. Mnifunge mimi."

Walifika Jinja jua likielekea kuzama. Gari la jeshi lilikuwa mlangoni, na Muzamiru alishatolewa nje amefungwa kamba.

"Meja," alisema Fadhul, akizuia hasira kwa meno. "Ulimwona uso aliyefungua ghala?"

"Mlango ulifunguka kidogo tu. Niliona mkono."

"Mkono wa namna gani?"

Meja alimtazama yule mama aliyesimama kando ya inspekta, viganja vimechubuka.

"Vidole vilikuwa vyekundu," alisema taratibu. "Miaka yote hii nimesema ni damu yake."

"Ni hina," alisema Hajarah. "Aliitwa Kulusumu, mdogo wangu; ndiye niliyemtoa kaburini."

Fadhul alitoa kisu mfukoni, akamkata Muzamiru kamba, na Meja hakumzuia.