Kamba wa Marehemu na Ndoo ya Bluu

Mzee Pasi hakuwa na mke tena. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala nguvu za kunyanyua pasi ya mkaa kutwa nzima kama zamani. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba chai inapoa. Hakuwa na mtoto nyumbani, maana binti yake wa pekee alikuwa muuguzi katika zahanati ya mbali, mahali ambapo simu haishiki. Hakuwa na kamba thelathini na sita kati ya wale alioachiwa na mkewe. Na zaidi ya yote, hakuwa na moyo wa kumwandikia binti yake ukweli juu ya hao thelathini na sita.

Watu walimpa jina la Mzee Pasi kwa sababu alikuwa dobi kwa miaka arobaini. Shati likipita mikononi mwake, kola ilisimama yenyewe. Hata sasa, akiwa amestaafu, majirani wachache walimletea nguo za kupiga pasi.

Mkewe alikuwa akifuga kamba. Si kamba wa kula. Hawa walikuwa wa maji baridi, wekundu, wadogo kama ukucha. Waliishi katika tangi la kioo la lita arobaini, juu ya meza karibu na dirisha. Ndani mlikuwa na changarawe, mimea ya kijani, na sifongo iliyounganishwa na pampu ndogo ya hewa. Mama huyo aliweza kukaa mbele ya tangi saa nzima akiwatazama wakichokoachokoa majani kwa vijiguu vyao.

Kila mwezi alimwandikia binti yake barua. Mstari wa mwisho ulikuwa idadi ya kamba. Mwezi huu thelathini na mmoja. Mwezi ule thelathini na tisa. Barua ya mwisho kabla hajafariki ilisema: arobaini na wawili.

Baada ya mazishi, Mzee Pasi alishika kalamu yeye. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wima. Aliandika habari za nyumbani, kisha akamalizia kama marehemu: "Kamba wako arobaini na wawili, wazima." Mwezi wa kwanza ilikuwa kweli. Mwezi wa pili haikuwa kweli, lakini aliandika hivyo hivyo. Sasa ilikuwa miezi tisa, na binti alikuwa amejibu: "Baba, nitapata likizo mwisho wa mwaka. Nina hamu ya kuliona kaburi la mama, na kuwaona kamba wake."

Barua hiyo ilikaa mezani wiki mbili bila jibu.

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi. Mzee Pasi alifagia, akapiga deki, akafua shuka, kisha akaligeukia tangi. Aliwatoa kamba kwa chujio la chai, akawaweka kwenye bakuli. Akamwaga maji yote. Akasugua kioo kwa sabuni ya unga. Akasugua changarawe kama anasugua shati la fundi magari. Sifongo ilikuwa na matope ya kahawia, akaipiga sabuni mpaka ikarudia rangi yake. Akasuuza kila kitu mara tatu, akajaza maji ya bomba, akawarudisha kamba. Kioo kilitakata kana kwamba hakipo.

Chini ya bakuli palibaki kitu chembamba chenye umbo la kamba.

"Mwingine," alisema kwa sauti ya chini. Alikiweka kwenye kijiko ili akakizike katika chungu cha maua, walikozikwa wenzake. Akahesabu waliobaki kwenye tangi. Sita.

Hapo ndipo Mama Vichupa alipobisha hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mpimaji wa idara ya maji. Jina hilo alilipata kwa sababu ya sanduku la vichupa alilotembea nalo kila siku ya kazi. Nyumba ya Mzee Pasi ilikuwa mwisho kabisa wa bomba la mtaa, kwa hiyo kila mwezi alikuja kupima maji pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uyaonje maji yako."

"Mimi siyaonji, nayapima. Kuonja nimewaachia ninyi."

"Na siku ukikuta yana sumu?"

"Nitakuja mbio kukuambia, kama bado utakuwa unasikia."

Mzee alicheka kidogo, pengo likaonekana. Mama Vichupa alifungua bomba, akaacha maji yatiririke, akajaza kichupa kimoja, akatia kidonge na kutikisa. Maji yakawa ya rangi ya waridi.

"Vizuri. Hii rangi ni klorini, dawa ya kuua vijidudu. Imefika mpaka mwisho wa bomba. Kunywa kwa amani."

"Maji hayo hayo nimewawekea kamba wa marehemu. Tazama wanavyocheza, wanafurahia usafi."

Mama Vichupa aligeuka. Kamba walikuwa wakipanda na kushuka kwa kasi, wakijigonga kwenye kioo. Mmoja alikuwa amelala ubavu. Mama Vichupa hakutabasamu tena.

"Mzee wangu, hawachezi hawa. Wanatafuta mlango wa kutokea. Umebadilisha maji lini?"

"Sasa hivi. Yote."

"Yote?"

"Mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Nimesugua kwa sabuni, nimesuuza mara tatu."

Mama Vichupa alichota maji ya tangi katika kichupa kingine, akatia kidonge. Rangi ya waridi ikatokea tena. Akakisogeza kichupa mbele ya macho ya mzee.

"Dawa hii haimdhuru mtu, kwa sababu imepimwa kwa ajili ya mtu. Kwa kamba ni moto. Anaivuta ndani pale anapopumulia."

Mzee Pasi alijinyoosha. "Miaka arobaini watu wameniletea nguo zao za harusi na za msiba. Leo niambiwe sijui usafi, tena nyumbani kwangu?"

"Usafi wa nguo unaujua kuliko mtu yeyote mtaa huu. Lakini nguo haipumui, mzee."

Yule kamba aliyelala ubavu alirusha miguu, akatulia.

"Kuna maji yoyote hapa yaliyokaa wazi tangu juzi?" Mama Vichupa aliuliza haraka. "Yasiwe na sabuni."

"Yapo ya kunyunyizia nguo, kwenye beseni kando ya meza ya pasi. Beseni lile haliguswi na sabuni, hiyo ni sheria yangu."

"Sheria nzuri. Lete."

Alipima maji ya beseni. Kidonge kiliyeyuka, maji yakabaki meupe. "Dawa imekwisha kupaa hewani. Wahamishe humu, taratibu, kwa chujio lako. Sifongo isuuze kwa maji matupu mpaka isitoe povu hata kidogo, kisha uiweke nao, wapate hewa."

Waliwahamisha kamba mmoja mmoja. Watano walishuka chini ya beseni wakatulia, vipembe vyao vikitikisika. Wa sita hakuamka. Mzee alimweka kwenye kijiko, karibu na yule wa kwanza.

Mama Vichupa aliinama akatazama. "Huyu wa pembeni hajafa. Hili ni gamba tu. Kamba akikua, huvua gamba kama mtu anavyovua shati lililombana. Lirudishe ndani ya maji, watalila, lina chokaa ya kujengea gamba jipya."

"Basi wale niliowazika..." Sauti ya mzee ilipanda. "Si wote walikuwa wamekufa?"

Mama Vichupa angeweza kumdanganya. Hakufanya hivyo. "Baadhi yalikuwa magamba, mzee. Lakini wengi walikufa kweli."

Mzee Pasi aliketi. Akatazama viganja vyake vyenye alama za moto.

"Nieleze," alisema. "Kama unavyomweleza mwanafunzi."

Mama Vichupa alivuta kiti. "Yale matope ya kahawia kwenye sifongo siyo uchafu mtupu. Ndani yake mnaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hao ndio wafagiaji wa tangi. Kinyesi cha kamba na mabaki ya chakula hutoa sumu, wao huigeuza isidhuru. Kila Jumamosi ulikuwa unawaua wafagiaji kwa sabuni, halafu unamwaga klorini juu yao."

"Sasa nisisafishe?"

"Utasafisha, ila kidogo kidogo. Kila wiki toa lita nne tu kati ya hizo arobaini. Tumia mpira mwembamba wa maji, uvute uchafu ulio juu ya changarawe. Sifongo ikiziba, ikamue ndani ya hayo maji uliyoyatoa, si chini ya bomba. Na sabuni isikaribie kabisa."

"Na kioo?"

"Futa upande wa mbele, uwaone. Ukijani wa nyuma waachie, ni chakula chao. Maji mapya yawe yamekaa wazi siku mbili kwenye chombo kisicho na sabuni, humu humu chumbani ili joto lilingane. Kisha yaingie polepole, tone kwa tone. Maji yakipungua kwa joto la mchana, ongeza kidogo. Na usilishe sana. Chakula kikibaki baada ya saa mbili, kitoe."

"Siku mbili wazi zinatosha kila mahali?"

"Swali zuri. Kwa dawa tunayotia sisi, ndiyo. Ziko idara zinazotia dawa nyingine isiyopaa. Huko mtu anunue matone ya kuiondoa kwenye duka la samaki. Anayefuga aulize kwanza idara yake ya maji."

Lakini Mzee Pasi hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akitazama kona ya chumba, mahali patupu karibu na mlango.

"Palikuwa na ndoo pale," alisema. "Ya bluu. Siku zote imejaa maji, siku zote wazi. Nilimgombeza. Nilimwambia mke wa dobi anaachaje maji wazi kama mtu asiye na kazi. Alinijibu, 'Yaache, yanapumzika.' Nilidhani ni uvivu. Siku ya tatu baada ya mazishi niliyamwaga, ndoo nikaitupa nyuma ya nyumba."

Mama Vichupa aliitazama kona hiyo. Alifunga sanduku lake polepole.

"Wala sikumwuliza," mzee aliongeza. "Miaka yote ile, sikumwuliza yanapumzikia nini."

Jioni hiyo aliitoa ndoo nyuma ya nyumba. Aliisugua kwa mchanga na maji matupu, akaijaza, akairudisha kwenye kona yake. Tangi nalo alilisuuza mpaka likaacha harufu ya sabuni, akalijaza maji, yakakaa siku mbili. Mama Vichupa aliyapima kabla kamba hawajarudi.

Walipokuwa wakiandaa mpira wa kuvutia maji, mzee alikata kipande cha chandarua cha zamani ili azibe mdomo wa mpira, kamba wasivutwe ndani.

"Weka chini hicho," Mama Vichupa alisema. "Chandarua kina dawa ya mbu. Kinachomwua mbu humwua kamba. Na dawa ya kupuliza usiitumie chumba hiki."

Mzee alifikiri. Kisha aliingia chumbani, akatoka na skafu nyepesi ya marehemu, iliyokuwa ikining'inia msumarini tangu afariki. Halafu akakata pembe yake, akaisuuza mara nyingi kwa maji ya ndoo, akaifunga kwenye mdomo wa mpira.

"Angekubali?" aliuliza.

"Angekuuliza ulichelewa wapi."

Wafagiaji wa tangi hawakurudi kwa siku moja. Mama Vichupa alikuwa ameonya kwamba ingechukua mwezi na zaidi. Mzee Pasi alilisha chembe chache tu, akatoa lita nne kila Jumamosi, akarudisha lita nne zilizopumzika. Mikono yake ilimwasha. Aliuona ukijani ukipanda kioo cha nyuma, akataka kuufuta, akaiweka mikono mfukoni.

Wiki ya tano, kamba mmoja alionekana na mayai chini ya tumbo, kama punje za mtama. Wiki ya tisa, juu ya jani, mzee aliona kitu kidogo kuliko alama ya mkato. Kilisogea. Alivaa miwani. Karibu yake kulikuwa na kingine.

Alimwita Mama Vichupa. Walihesabu pamoja, wakapoteza hesabu, wakaanza upya.

Siku iliyofuata, mchana, alifuta meza ya pasi na kuweka karatasi. Aliandika habari za nyumbani kwanza. Kisha akaandika:

"Mwanangu, nimekudanganya miezi mingi. Kamba wa mama yako hawakuwa arobaini na wawili. Niliwaua mimi, kwa sabuni na kwa kutouliza. Walibaki watano. Sasa nafuata njia ya mama yako, na ndoo yake imerudi mahali pake. Ukija, utanilaumu, na nitakusikiliza."

Alitua kalamu. Akaenda kwenye tangi, akahesabu kwa kidole bila kugusa kioo, akarudi.

"Kamba wakubwa watano. Watoto niliowaona, kumi na mmoja. Wengine wamejificha."

Alikunja karatasi mara tatu, mikunjo iliyonyooka, akaitia kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, basi akapaka wanga aliokuwa akitilia kola. Akapitisha kiganja juu yake mara moja, kwa uzito ule ule wa zamani, mpaka ikalala sawa. Alitembea mwenyewe hadi posta. Mbele ya sanduku la barua alisimama kidogo, kisha akaiachia, akaisikia ikitua chini.