Nati za Gurudumu la Nyuma

Kila alasiri vipindi vikiisha, Sindano alipitia karakana ya chuo, akavaa ovaroli la kuazima lililokuwa kubwa kuliko yeye, akafagia sakafu na kupanga spana. Jina la Sindano alipewa na wenzake siku ya kwanza kwa sababu ya wembamba wake. Hakulikataa, wala hakulicheka. Siku hizo hakuwa akicheka wala kulia. Baba yake alifariki wakati wa likizo, na tangu hapo moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nyumbani watu walimpa pole, akawajibu kwamba ameshapoa. Kisha alirudi chuoni na hakumwambia mtu yeyote.

Alikuwa ameomba kujiunga na klabu ya wanafunzi ya mbio za magari kwa sababu moja tu: karakana ilikuwa na kelele. Injini ikinguruma, hakuna wa kukuuliza habari za nyumbani.

Klabu ilikuwa na gari moja dogo la kiti kimoja, ambalo wanafunzi walikuwa wameliunda wenyewe kwa mabomba ya chuma na ubishi mwingi. Dereva wake, kijana wa mwaka wa tatu, aliitwa Breki, kwa kuwa breki ndicho kitu pekee ndani ya gari ambacho hakupenda kukigusa.

Kila mwanaklabu alikuwa na kalamu ya rangi yake. Ya Sindano ilikuwa ya njano. Ukishaikaza nati kwa spana ya kupimia mkazo mpaka ukasikia mlio wa "tik", unachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye gurudumu. Mstari ukionekana, hakuna mtu mwingine wa kukagua. Ile rangi ni neno lako.

"Kaza, sikiliza, ndipo uchore," mlezi wa klabu aliwaambia kila mara. Alikuwa mhadhiri, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na akigeuka tu wanafunzi walimwigiza.

Siku ya mashindano, mlezi alimkabidhi Sindano magurudumu ya nyuma. Akiifanya kazi hiyo vizuri, angeingizwa rasmi katika klabu. Usiku hakuwa amelala hata kidogo, lakini hilo hakulisema. Alilikaza gurudumu la kushoto, akachora. Alikuwa ameshainama kwenye la kulia simu yake ilipolia, akasogea pembeni kuipokea.

"Mwanangu, umekula?" mama yake aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Unalala vizuri?"

"Nalala, mama. Usijali."

Aliporudi aliona mistari ya njano kwenye nati zote. Akaona kazi imekwisha, akaweka spana sandukuni.

Gari lilisukumwa hadi kwenye mstari wa kuanzia. Breki alivaa kofia yake ngumu, akajifunga mikanda.

"Sindano, mbona uso umeugeuza ukuta?" alitania. "Nikishinda utacheka?"

"Labda."

Mwamuzi alikuwa anaita magari moja moja. Sindano alijaribu kuukumbuka ule mlio wa "tik". Wa gurudumu la kushoto aliukumbuka. Wa kulia haukuja. Alichokumbuka ni kalamu mkononi mwake, na rangi ikiteleza juu ya nati, kisha simu. Huenda alianza kwa kuchora.

Aliwaza gurudumu likichomoka, gari likibiringika na Breki akiwa ndani. Hakuhisi kitu. Hofu ilipaswa kuja, nayo haikuja. Alijua pia kwamba gari likitolewa pale, zamu imepotea, na wenzake walikuwa wamelihangaikia muhula mzima. Yeye mwenyewe angefukuzwa. Hilo nalo lilipita bila kumgusa. Hapo akaelewa kwamba akiungoja moyo wake umwambie la kufanya, atachelewa.

"Mwalimu," alisema, "naomba usimamishe gari."

Mlezi aligeuka. "Kuna nini?"

"Gurudumu la nyuma la kulia. Nimechora, lakini sina hakika kama nilikaza. Sikumbuki kusikia mlio."

Mlezi alimpungia mwamuzi mkono, na gari likarudishwa pembeni. Nyuma yao mwanaklabu mmoja alisonya.

Mlezi alipiga goti, akaishika nati ya kwanza kwa vidole. Ikazunguka. Akashika ya pili, nayo ikazunguka. Aliyesonya alitazama chini.

Breki alitoka ndani ya gari, akavua kofia na kuzitazama zile nati. "Saa hizi ningekuwa kwenye kona ya kwanza," alisema, kisha akakaa chini kando ya gurudumu.

Magari mengine yaliondoka bila wao. Mlezi alimchukua Sindano pembeni.

"Jana ulilala?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na leo umekula?"

"Hapana."

"Una nini, mwanangu?"

Alitaka kujibu kwamba hana kitu. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Baba yangu amefariki," alisema.

Hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo. Machozi yakaanza kumtoka. Mlezi alimshika bega, akamwacha alie mpaka alipotulia.

"Pole sana, mwanangu. Sasa nisikilize. Kosa la leo lingeweza kuua mtu, na sitalifunika. Magurudumu hutayagusa mpaka nikuone umepumzika, na kesho nitakupeleka mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi. Lakini ulisema ukweli ukijua utapoteza nafasi yako, na Breki yu hai kwa sababu hiyo. Ukweli usemwe hata siku ambayo moyo hausukumi. Na ukiumwa au ukifiwa, huo nao ni ukweli. Useme kabla hujashika kazi iliyobeba uhai wa watu."

"Kwa hiyo sijafukuzwa?"

"Nani amekufukuza? Nenda ukale kwanza."

Breki, aliyekuwa amesikia yote, alimletea sahani ya chakula, akaketi kando yake.

"Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza.

Sindano alimeza tonge, akapangusa macho kwa mkono wa ovaroli, akaanza kusimulia.