Mkono Shingoni

Kwanza ilikuwa chai. Kiherehere aliichukua inatoka jikoni, inafuka mvuke, akaimeza yote bila kupuliza, akarudisha kikombe mezani na kukaa kimya. Jina hilo hakupewa bure: tangu utotoni hakuweza kukaa kitini bila kugusa kitu au kumchokoza mtu. Sasa alikuwa anakaa tu. Dada yake alimuuliza kama hakuungua. Akasema hajui.

Dada huyo ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kuzamia. Kazi yake ilikuwa kuwashusha baharini watu wanaozamia kwa starehe, mtungi wa hewa mgongoni, na kila asubuhi aliwaambia jambo lile lile: ukienda nayo chini sana, hewa ya mtungi hulevya kama pombe. Mtazame mwenzako. Akiacha kuangalia geji ya hewa iliyobaki, akicheka peke yake, akipita kina mlichokubaliana, huyo si jasiri, huyo kalewa, mpandishe. Kwa hiyo, siku chache kabla ya chai ile, alipomwona mdogo wake anapita kina na kuelekea gizani, kisha anachomoa kipumulio kinywani na kukinyoosha mbele kama anayemkaribisha mgeni maji ya kunywa, hakuwa na la kujiuliza. Alimfuata, akamrudishia kipumulio, akampandisha. Walipofika juu alimgombeza mbele za watu na kumpiga marufuku kuzamia. Kiherehere hakujitetea hata kwa neno moja, na kwa hasira zake dada hakuliona hilo.

Baada ya chai zikaja sauti. Chumbani kwa Kiherehere zilisikika pumzi za mtu aliye chini ya maji, ule mvuto mkavu wa kipumulio, kisha mapovu. Shuka zake zikawa zinanuka tope. Daktari alimpima mapafu, akasema ni mazima, apumzike. Mchana mmoja dada alifungua mlango akamkuta amelala chali, macho wazi, kifua kimetulia tuli, hakipandi wala hakishuki, na pumzi zinaendelea vilevile, ila hazitoki kwake, zinatoka pembeni, kati ya kabati na ukuta, mahali ambapo hata paka asingeenea, zinavuta na kutoa, zinavuta na kutoa, bila haraka. Dada akaufunga mlango taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Kule chini ulimwona nani?" alimuuliza baadaye, kwa kunong'ona.

"Simjui. Alipitisha mkono shingoni."

Kila mzamiaji anaijua ishara hiyo: nimeishiwa hewa. Anayeiona hana ruhusa ya kufikiri. Hutoa kipumulio chake kwanza, mengine baadaye. Dada ndiye aliyemzoesha, mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe.

"Ulinifundisha ukimpa mtu hewa mnashikana, mnapanda pamoja," Kiherehere akasema. "Hajaniachia mpaka leo, Dada. Na hewa yangu inakwisha."

Aliyasema hayo kama mtu anayesoma bei dukani. Dada akatoka kwenda kumtafuta mganga.

Mganga alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Alinusa mlangoni, akaagiza mtungi mmoja uliojaa hewa.

"Jini hili halikuiba," alisema. "Limepewa. Aliyetoa ndiye atakayenyang'anya."

Basi Kiherehere akashikishwa kipumulio, akakinyoosha kwenye ile pembe kama siku ile. Mpira wa mtungi ukanyooka, ukakaza, mtungi ukaanza kuvuma, sindano ya geji ikawa inashuka huku wanaiona, na harufu ya tope ikajaa chumbani mpaka macho yakawasha, na mkono wa Kiherehere ukawa unavutwa kuelekea ukutani kidogo kidogo, naye anatazama tu, hana habari, kama mkono ni wa mtu mwingine. Dada akaruka kumsaidia. Mganga akampiga kofi mkononi.

"Usiguse. Wewe bado halijakujua."

Sindano ilipokaribia sifuri, midomo ya Kiherehere ilitikisika. "Sikupi tena," alisema, akakivuta kipumulio kwake. Mpira ukalegea. Akatapika maji ya chumvi sakafuni, akavuta pumzi kwa pupa, akauliza kwa nini wamemzunguka kama wako msibani, na nani kaleta uvundo huu. Dada alilia kwa furaha.

"Limemtoka," mganga alisema akivaa viatu. "Sikusema limerudi kwao."

Juma lililofuata dada alirudi kazini, akianzia kwenye bwawa la mafunzo, na Kiherehere akaenda kumsaidia. Somo lilikuwa kupeana hewa. Maji yalikuwa yametibuliwa na mapezi ya miguuni ya wanafunzi, huoni mbali. Aliyepiga magoti mbele ya dada chini ya maji akapitisha mkono shingoni, na mkono wake dada ukaenda wenyewe. Kipumulio kikapokelewa kwa upole. Vidole vikamshika mkono, navyo vilikuwa baridi.

Ndipo alipotazama juu. Kwenye ukingo wa bwawa miguu ya wanafunzi wote ilikuwa inaning'inia majini, wanasubiri zamu, na kati yao ile ya Kiherehere, haitulii, inarusha maji kama zamani. Alijua inampasa kuogopa. Hakuhisi kitu. Mshiko ukakaza, wakaanza kupanda pamoja, polepole, jinsi anavyofundisha.