Nilingoja Wiki Tano Nimwaibishe Gidioni

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na nane, ni mjane, na zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekuwa daktari wa upasuaji. Mengi nimeyasahau. Hili limekataa kusahaulika...

Nilizaliwa Mbozi, kwa wakulima wa kahawa. Nilipohitimu, wenzangu walibaki Dar es Salaam. Mimi niliomba kurudi kwetu, nikapangiwa hospitali moja ya Tunduma. Biashara ya mpakani ilikuwa imechangamka, na wenye nacho walizoea kuruka foleni hata mbele ya mgonjwa aliyezidiwa. Nilikataa! Kwangu tajiri wa mjini na mkulima wa Msangano walikaa benchi moja, na mama mjamzito hakutozwa kitu. Kila mwezi nilikwenda Ivuna kuwapasua wachimba chumvi walioteseka na ngiri kwa miaka.

Msaidizi wangu nitamwita Gidioni. Nilimpokea hajui hata kufunga fundo la uzi. Nilimfundisha mpaka akaweza kumpasua mama na kumtoa mtoto bila mimi kuwepo. Aliniita dada, nami nilimpenda kama niliyenyonya naye ziwa moja.

Baadaye akafungua zahanati yake kando ya barabara kuu, huku akiendelea na kazi hospitalini kwetu. Sikumlaumu, mishahara yetu tuliijua. Ningejuaje mengine?

Siku moja nikiwa Ivuna, mdogo wangu Tumaini, aliyeolewa Msangano, aliletwa hospitalini kwetu. Uchungu ulikuwa umekwama, mtoto amelala vibaya. Gidioni ndiye aliyekuwa zamu, na hakujua kwamba ni mdogo wangu. Alimwambia shemeji yangu kwamba dawa ya usingizi imekwisha, ila kwenye zahanati yake ipo, akilipia. Shemeji alikimbia kijijini kuuza ng'ombe. Aliporudi kesho yake, Tumaini alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni.

Gidioni alikuja msibani. Alilia, akabeba jeneza... Alibeba jeneza la mdogo wangu!

Tulipomaliza matanga, Sista Atuganile, mtunza stoo wetu, alinifuata nyumbani. Aliniambia dawa siku ile ilikuwepo. Maboksi yalikuwa yakihamishiwa kwa Gidioni, na yeye Sista alikuwa ametishwa asiseme.

"Nenda kwa mganga mkuu leo hii, dokta," aliniomba.

Sikwenda. Mnajua kwa nini? Niliona watamhamisha kituo tu, basi. Nilitaka aumie! Wiki tano mbele tulikuwa na uzinduzi wa chumba kipya cha upasuaji, kilichojengwa kwa saruji ya wafanyabiashara wa Tunduma na michango ya wakulima wa Mbozi. Wakubwa wangekuja. Wazazi wa Gidioni wangekuja, na kanisa lake lote. Nilitaka aangukie pale, mbele yao.

Nikamwapisha Sista anyamaze. Nikaendelea kucheka na Gidioni, nikala naye ugali sahani moja, moyoni nikimchimbia kaburi.

Wiki ya tatu niliitwa kikaoni Vwawa. Kabla sijaondoka ningeweza kuficha japo boksi moja la dawa kwenye kabati langu na kumpa Sista ufunguo. Nilihofia Gidioni atashtuka. Niliporudi nikaambiwa mke wa mzee Simbeye, mkulima wa Msangano, ameletwa na kufia kwenye benchi la nje. Alikuwa ameambiwa maneno yaleyale... dawa imekwisha.

Wasomaji, hata hapo sikusema! Nilijiambia zimebaki wiki mbili tu.

Siku ikafika. Hotuba zilipokwisha niliomba kipaza sauti, nikawaeleza wageni yote, kisha nikawaongoza pamoja na polisi waliolinda sherehe hadi zahanati ya Gidioni. Stoo ilipofunguliwa, maboksi yenye muhuri wa hospitali yalikuwa yamepangwa hadi dari. Mama yake alikaa chini mavumbini. Gidioni alivuliwa koti jeupe, akanitazama.

"Dada," alisema, kwa sauti ndogo.

Polisi walimpandisha garini, na mahakama ikamfunga. Siwafichi, ilikuwa tamu kuliko asali.

Siku chache baada ya hukumu mzee Simbeye alikuja ofisini kwangu. Dhamiri ilikuwa imemshinda Sista Atuganile, akamweleza. Mzee alivua kofia, akakaa, akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamjibu nilijua kabla mkewe hajaletwa.

Aliinuka.

"Basi waliomuua ni wawili," alisema. "Amefungwa mmoja."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Nilikwenda mwenyewe kujishtaki kwa wakubwa. Walinipa karipio na kunivua uongozi wa idara ya upasuaji, wakaniacha niendelee kupasua, maana daktari mwingine wa upasuaji hakuwepo pale. Sasa nimehamia Msangano, natibu hapahapa. Mwaka jana binti wa mzee Simbeye alikwama kujifungua. Gari lililombeba lilipita mlangoni pangu bila kusimama, likaenda kutafuta daktari mwingine huko Mbozi. Nilisimama barazani na glovu mkononi... Namshukuru Mungu, walipona wote wawili.

Ndugu zangu, ukimjua anayeiba dawa za wagonjwa, mtaje leo. Usingoje siku ya kumwaibisha, maana wagonjwa hawana siku za kukungojea! Gidioni sijamsamehe, siwadanganyi. Lakini kila nikianza kumlaani, namkumbuka yule mama kwenye benchi, nanyamaza.