Mwatima Hakuumwa Homa

Mambo yaliharibika Jumatatu ya bamvua, mwezi ulipokuwa umeandama juzi yake tu. Kila mtu wa pwani yetu ya mashariki anajua kuwa siku za bamvua bahari hupwa asubuhi mpaka mbali, na wanawake huteremka kufunga na kuvuna mwani kabla maji hayajarudi. Watoto wanajua, kuku wanajua. Wasiojua ni wale wanaokaa mjini na kutupangia ratiba ya skuli.

Asubuhi hiyo mwanangu Mwatima, wa darasa la saba, alifagia ua, akachemsha chai, akanitilia kikombe. Kisha akachukua kamba na gunia akaenda kwenye shamba la mwani la marehemu mama yake, Mwanakheir. Mimi nikaenda Kiwengwa kwenye kazi yangu ya kujenga kuta za mawe. Mke wangu alifariki mwaka juzi akijifungua, na kituo cha afya kilikuwa kimefungwa kwa sababu muuguzi hakuletwa. Nasema hivyo hivyo, na atakayechukia achukie.

Huko skuli, mwalimu Yusra alikuwa ametayarisha jaribio la hesabu. Yusra ni binti wa Jang'ombe, mwanachuo wa biashara, aliyeletwa na mpango unaowapeleka wanachuo kufundisha vijijini kwa mwaka mmoja. Kabla yake darasa lile halikuwa na mwalimu wa hesabu kabisa. Alifundisha vizuri, watoto wakampenda, lakini bamvua hakulijua. Aliingia darasani akakuta madawati ya wasichana karibu yote matupu. Na siku hiyo hiyo ofisa wa elimu akaja kukagua.

"Wako wapi hawa?" aliuliza ofisa.

Mwalimu Mkuu, Bwana Abdulwahid, ni mzaliwa wa papa hapa. Alitazama dirishani, ambako bahari yote inaonekana na wasichana wake wamo ndani yake, akasema, "Labda wanaumwa."

"Basi asiyekuwa na udhuru wa maradhi hafanyi mtihani wa mwisho. Tumechoka na utoro."

Kesho yake asubuhi, kabla maji hayajapwa, Mwalimu Mkuu aliwapanga wasichana mstari mbele ya ofisi, akawauliza kama waliumwa. Rafiki yake Mwatima, jina lake Nusrat, alimnong'oneza, "Sema homa, wee. Mwalimu Mkuu mwenyewe anataka tuseme homa."

Wakajibu mmoja mmoja. Homa. Homa. Homa na kichwa. Zamu ikamfikia Mwatima.

"Sikuumwa, mwalimu. Nilikuwa pwani, kwenye mwani."

"Mwatima, nakuuliza tena. Uliumwa?"

"Hapana, mwalimu. Hata mafua sina."

Wenzake walicheka. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya mtihani, la kwake peke yake.

Jioni nilimwambia, "Ungesema homa kama wenzako, yangekwisha."

"Baba, kila siku unasema wakubwa ni waongo. Na mimi niwe kama wao?"

Hapo hapo ikasikika hodi mlangoni. Alikuwa Yusra.

"Shikamoo, Mzee Gharib."

"Marahaba. Umekuja kuniambia mwanangu hana adabu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Siku ya jaribio niliipanga mimi."

"Wewe hukufuta jina la mtu. Lakini na wewe ni mpita njia, mwanangu. Mwaka ukiisha utachukua cheti chako, utakwenda kukaa benki kwenye baridi."

Aliinama. "Ni kweli, ndivyo nilivyopanga." Kisha akamgeukia Mwatima. "Kesho asubuhi mnateremka tena? Nnakuja nione."

Kweli alikuja. Aliteleza, akalowa mpaka kifuani, akachomwa na miba ya baharini. Wanawake walimcheka, kisha wakampa kamba afunge. Adhuhuri maji yaliporudi, aliona wasichana wote wakipanda ufukweni, na mchana mzima ulikuwa mbele yao. Hapo akalifahamu jambo ambalo skuli nzima ilijifanya hailijui.

Akaenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba ufunguo wa darasa, ili siku za bamvua awafundishe mchana.

"Madarasa yanafungwa saa saba," alisema Bwana Abdulwahid. "Sina ruhusa ya kufungua. Unataka nifukuzwe kazi?"

"Basi tutakaa nje ya mlango, mwalimu. Nje hakuna ufunguo."

Wakakaa barazani. Ubao ulikuwa umefungiwa ndani, kwa hiyo Yusra aliandika hesabu kwa chaki juu ya mlango wenyewe uliofungwa. Siku ya kwanza alikuja Mwatima peke yake. Siku ya pili alikuja Nusrat, akaketi nyuma. Halafu wakaja wengine, mpaka baraza ikajaa na mlango ukawa mweupe juu mpaka chini. Kila asubuhi mtunza skuli aliufuta, na kila mchana Yusra aliuandika upya.

Habari zilifika mjini. Ofisa alirudi, safari hii na sisi wazazi tukaitwa.

"Nani kawaruhusu kufanya skuli barazani?" aliuliza.

"Hakuna, bwana," Mwatima alisimama akasema. "Tunakwenda kwenye mwani asubuhi, tunasoma mchana. Mimi sikuumwa siku ile."

"Kaa chini. Wenzako walikuwa wagonjwa, wewe ulitoroka."

Nilikuwa nimeshainuka kwa hasira, lakini Nusrat alinitangulia. Alisimama akasema, "Hata mimi sikuwa na homa. Nilikuwa naye."

Akasimama wa tatu, na wa nne, mpaka wasichana wote wakawa wima. Mwisho, na hili sikulitarajia, Bwana Abdulwahid naye akavua kofia akasema, "Nilijua, bwana. Niliwaona dirishani."

Kuwafuta wote ofisa asingeweza. Jina la Mwatima likarudishwa, na ufunguo wa darasa akapewa Yusra kwa siku zote za bamvua.

Wazazi walipotawanyika, Yusra aliwakusanya wanafunzi. "Sikilizeni. Mngesema homa nyote, wakubwa wangetuletea vyandarua, na bamvua lijalo madawati yangekuwa matupu vile vile. Mwatima alisema ukweli akalipia. Lakini kwa sababu alisema, tumejua cha kurekebisha. Mkisema ukweli, msiuache njiani. Ukamateni kwa kazi, kama mlivyofanya hapa barazani."

Mtihani nao uliangukia bamvua. Niliomba ruhusa kazini, nikateremka baharini mimi badala ya Mwatima, mwanamume peke yangu kati ya wanawake.

"Gharib," alisema jirani yangu Bi Salhiya, "huo ni mwani. Mbona unaufunga kama unafunga mbuzi?"

"Nifundishe basi, badala ya kunicheka."

"Nitakufundisha, na kucheka nitacheka."

Mwatima alifaulu. Nusrat pia. Yusra alipokuja kuaga alituambia ameacha biashara, anaanza upya kusomea ualimu. "Nilikuja kutafuta cheti cha kuombea kazi," alisema. "Sasa nnataka mtoto wa huku asome kama anavyosoma mtoto wa Jang'ombe. Nikimaliza nitaomba kurudi huku huku." Mimi si mwepesi wa kuamini ahadi, lakini yake niliiamini, kwa kuwa nilimwona akiandika kwenye ule mlango.

Ila kusoma ni miaka, na darasa la saba jipya limeshaingia. Wamekaa, wanatazama ubao mtupu. Nilimfuata ofisa mpaka kwenye gari yake, nikamshikia mlango asiufunge, nikamuuliza mbele ya watu. Akasema nisubiri. Nimesubiri, na leo nauliza tena: mwalimu wa hesabu wa kudumu wa skuli yetu ataletwa lini?